Foleni ya Kileleni

Ukitaka kujua mwanamke anakuonaje, tazama mlima anaokupangia. Hilo niliamini mwaka mzima, na mwaka mzima nilikuwa na hasira, kwa sababu Ramani alikuwa ananipangia vilima.

Ramani si jina alilopewa na wazazi wake. Sisi waongozaji wa wapanda mlima ndio tuliombatiza, kwa kuwa msichana yule wa dawati la mbele alizijua njia zote bila kugeuka kutazama ramani iliyobandikwa ukutani nyuma yake. Mteja akiingia, Ramani hakumwuliza ana nguvu kiasi gani. Alitazama viatu vyake, akatazama anavyokaa kwenye kiti, kisha akamwuliza swali moja: anakwenda kuona, au anakwenda kuonekana? Wa kuona aliwapeleka vilele vya pembeni ambako utakutana na upepo na mbuzi wawili watatu. Wa kuonekana wakaenda Mlima Mkubwa, kupanga foleni na kupiga picha penye nguzo ya kileleni.

Akishamaliza na mteja, aligeuka upande wetu. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi refu chini ya rafu ya viatu vya kukodisha, harufu yake wenyewe tumeshaizoea, na hapo ndipo alipogawa kazi. Wenzangu walipewa Mlima Mkubwa. Mimi, mwenye miguu imara kuliko wote pale, na hayo si majivuno, ni ukweli ambao hata wao hawaupingi, nilipewa kilima cha bibi na wajukuu, cha kwenda na kurudi kabla jua halijapinda. Wenzangu waliniita Kiberiti kwa ajili ya hasira zangu. Ramani alipofungua mdomo kunipangia, walisogea pembeni kidogo, kama watu waliokaa karibu na jiko la mafuta.

Na bado nilimpenda. Nilipenda alivyocheka kwa kuinamisha kichwa kana kwamba kicheko ni kitu cha kuiba. Nilipenda hata alivyonikatalia.

Lakini nilikuwa nimenyamaza, na nilikuwa na sababu. Baba yangu mdogo alikuwa amekutana na baba yake Ramani, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, akamdokezea kwamba kuna kijana pale ofisini kwa binti yake, kijana mwenye adabu. Mwalimu akauliza kijana mwenyewe anafanya nini. Alipoambiwa, akatoa jibu lililonifikia likiwa bado na moto: "Mtu anayepanda, akashuka, akarudi pale pale alipoanzia, kwangu mimi jumla yake ni sifuri."

Sifuri. Mimi. Nikaapa kwamba sitamwambia binti wa mtu yule neno hata moja mpaka niwe na ofisi yangu, na jina langu mlangoni.

Basi nikawa bado naapa hivyo siku Mhandisi alipoingia ofisini.

Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, msafi wa kucha, aliyejenga madaraja. Ramani alimfahamu, alikuwa rafiki wa familia, na alikuwa amefika nyumbani kwao mara kadhaa kula chakula cha mchana. Alisema anataka kumpeleka Mwalimu, Shangazi dada yake Mwalimu, na Ramani mwenyewe mlimani siku ya mapumziko. Ramani akafurahi kama mtoto. Anauza milima wiki nzima, mwenyewe hapandi. Akamshauri achague kilele cha pembeni, kwa kuwa siku ya mapumziko Mlima Mkubwa unajaa kama stendi, na Shangazi ana magoti yanayouma.

Mhandisi akatabasamu. Akasema hapana, anataka ule ule Mkubwa, na anataka siku ile ile.

Ramani alipoingia chumba cha nyuma kutafutia Shangazi viatu, Mhandisi akasogea kwenye benchi langu, akanong'ona. Ameuliza, ameambiwa kabla ya mwaka huu wa vilima mimi ndiye niliyekuwa na sauti kule juu, na amemwomba bosi wetu niwaongoze mimi. Anaomba tukifika kileleni nimpatie nafasi kidogo, watu wasimame pembeni. Atapiga goti, amvishe pete. Mwalimu anajua. Shangazi anajua. Ramani hajui. Akanikabidhi kiboksi kidogo cheusi, kwa sababu Ramani ana tabia ya kupekua mabegi ya wateja kuhakikisha hawajabeba upuuzi, ila begi la mwongozaji haligusi.

Sisi tuna kiapo chetu. Siku unayopewa filimbi ya uongozaji, wakubwa wanakusimamisha na kukwambia: siri ya mteja ni mzigo wake, wewe unaubeba tu, huutui mpaka autue mwenyewe. Tumebeba keki za siku ya kuzaliwa. Tumebeba majivu ya mama wa watu. Hakuna aliyewahi kufungua mdomo.

Nikapokea kiboksi, nikakitia begini.

*

Asubuhi ya siku yenyewe maegesho yalikuwa yamefurika. Watu walikuwa wanafunga kamba za viatu juu ya boneti za magari, redio zinashindana, mtu mmoja kabeba kiti cha plastiki kichwani. Ramani alikuja amevaa kofia ya rangi ya machungwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona nje ya dawati, mzima, mpaka miguu.

"Leo mimi ni mteja," akaniambia. "Nitaanza kulalamika hapa hapa."

Akalalamika njia nzima, na kila lalamiko lilikuwa la kunichekesha. Alitembea karibu nami mbele, akiuliza hiki ni nini na kile ni nini, vitu anavyovijua kuliko mimi. Nyuma yetu Mwalimu alikuwa anahesabu mwinuko kwa sauti. Shangazi, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, alikuwa anauliza nani aliuweka mlima huu mbali hivi na nyumbani kwake. Mhandisi alikuwa amembebea mkoba, akamshika mkono penye mawe, hakuchoka, hakujisifu. Nilimtafutia kasoro tangu msituni mpaka kwenye nyasi fupi, sikuipata. Hiyo ilinikera kuliko kasoro yoyote.

Kila nilipopiga hatua nilikisikia kiboksi. Kilikuwa hakina uzito wa kitu, lakini nilikisikia.

Chini ya kilele pana ufa kwenye mwamba ambao watu wawili hawapishani. Juu ya ufa ni uwanja mdogo, kama sebule ya kawaida, wenye nguzo katikati. Kwa hiyo waongozaji tulikubaliana zamani: kundi moja likishuka, filimbi inalia, kundi linalofuata linapanda. Siku hiyo foleni ilikuwa imeteremka kutoka mdomo wa ufa, ikazunguka jiwe, ikapotea ukunguni. Watu walikuwa wamekaa, wamesimama, wanakula, wananuna. Mmoja alikuwa amelala kabisa. Nilimpitishia neno mwenzangu aliyekuwa juu kwamba kundi langu lina jambo, tutahitaji nafasi. Akaitikia kwa kunipungia. Mambo kama hayo anayajua.

Mwalimu na Shangazi wakaketi kwenye jiwe pembeni, na Mhandisi pamoja nao, akiangalia juu na kusogeza midomo kama mtu anayekariri. Ramani akasema yeye atasimama nami kulinda nafasi. Nyuma yetu palikuwa na kundi la wauguzi wa zahanati moja, wanawake wachangamfu waliovaa fulana zinazofanana.

Foleni ikasogea hatua, ikakwama tena.

"Kiberiti," akasema, "mbona umelivaa begi kifuani?"

Nikainama kutazama. Ni kweli. Nilikuwa nimeligeuza bila kujua, tangu huko chini. Sisi tunalivaa begi kifuani pale tu tunapobeba kitu cha mteja, ili tusikilalie, tusikigonge mwambani. Mgeni hawezi kulijua hilo. Lakini huyu alikuwa ametutazama tukitoka mlangoni kila siku.

"Umebeba nini?" akauliza.

"Cha mteja."

"Mteja gani?"

Nilikuwa na mteja mmoja tu siku hiyo, na alikuwa amekaa kwenye jiwe anasogeza midomo. Nikamwona Ramani anamtazama Mhandisi, anamtazama baba yake aliyevaa koti la harusini mlimani, anamtazama Shangazi aliyepaka rangi ya mdomo. Kisha akatazama juu kileleni, kwenye simu zilizokuwa zinameremeta. Uso wake ukabadilika.

"Mbele ya watu wote hawa," akasema polepole. "Nitasemaje hapana mbele ya watu wote hawa? Na baba kasimama pale?" Akanigeukia. "Niambie kama ni kweli."

"Siwezi."

"Wewe Kiberiti, niambie."

"Siri yake siwezi kuisema," nikasema. "Yangu naweza."

Nilikuwa na beti nilizozitunga kwa ajili ya siku kama hiyo, usiku baada ya usiku, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Nikafungua mdomo, nikaanza na macho yake na nyota.

"Vina weka pembeni," akanikata. "Sema kama watu."

Basi nikasema kama watu. Nikamwambia nampenda, tangu siku alipomfukuza ofisini yule mteja aliyemtukana mpagazi. Nikamwambia kwamba nilinyamaza kwa sababu baba yake aliniita sifuri. Kwamba nilitaka kwanza niwe mtu ndipo nije. Na kwamba, kama anampenda Mhandisi, nitampigia filimbi watu wasogee, nitafanya kazi yangu vizuri, na hatanisikia tena nikilalamika.

Nilidhani atalia, au atacheka. Alikasirika.

"Mwaka mzima," akasema, sauti chini, meno yamekutana. "Mwaka mzima unakaa kwenye benchi lile, unakula biskuti zangu, umeninunia. Leo niko kwenye foleni ya kuposwa na mtu mwingine ndiyo unakumbuka una mdomo?"

"Nilinuna kwa sababu ulinipangia vilima!" Hapo nikapandisha sauti, na wauguzi wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikaishusha. "Wenzangu wote uliwapa Mlima Mkubwa. Mimi ukanipa vikongwe na watoto. Kama mtu asiyeaminika."

Akanitazama kama mtu anayetazama kitu kigumu kueleweka, tofali labda.

"Wanaokwenda Mlima Mkubwa wanarudi saa ngapi?"

"Usiku."

"Na ofisi inafungwa saa ngapi?"

"Jioni," nikasema.

"Kilima kile kinakurudisha jioni, mimi bado nipo," akasema. "Unaleta fimbo na kamba, unakaa, unanisimulia mzee gani kasema nini njiani. Ungepanda Mlima Mkubwa ningekuona lini? Nimegombana na bosi kwa ajili hiyo. Kila wiki ananiuliza kwa nini miguu mizuri kuliko yote nimeiweka kwenye kilima, na mimi natunga uongo."

Sijui mwamba ule umekaa pale tangu lini, lakini nilihisi umesogea. Hasira zangu zote za mwaka mzima zilikuwa zimekaa juu ya mapenzi bila mimi kujua, kama mtu aliyekalia kofia yake huku anaitafuta.

"Dada," sauti ikatoka nyuma, ya muuguzi mmoja mtu mzima, "msamehe tu. Wako wengi wa namna hiyo, na hawana dawa."

Ramani akainamisha kichwa, akaiba kile kicheko chake. Na filimbi ikalia juu. Kundi lililotutangulia lilikuwa linashuka. Ilikuwa zamu yetu.

Mhandisi akasimama, akajikung'uta suruali. Akanikonyeza. Sijawahi kukonyezwa kukaniuma vile.

Niliwahi kuwaona watu wakigeuka pale. Wengine kwa kizunguzungu, wengine kwa woga wa ule ufa. Lakini sijamwona mtu akigeuka kwa uso kama ule wa Ramani. Alitoka kwenye foleni, akamfuata Mhandisi, akamwomba waende nyuma ya jiwe kidogo. Hatukusikia walichosema. Tuliona kofia ya machungwa tu, na bega la Mhandisi. Mwalimu akasimama. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba kama hatupandi tupishe. Wauguzi wakawageukia na kuwaambia wanyamaze, hapa kuna mgonjwa.

Mhandisi akarudi wa kwanza. Akanyoosha kiganja mbele yangu. Nikafungua begi, nikampa kiboksi.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Hapana."

"Najua. Kanieleza habari ya begi." Akakitia kiboksi mfukoni, akavuta pumzi. "Bora hapa kuliko pale juu. Amenistahi." Kisha akatazama ule ufa. "Mimi nitapanda. Nimefika mpaka hapa kwa miguu yangu."

Mwalimu alikuwa ameshaelewa, na macho yake yalikuwa kwangu.

"Ni kwa ajili ya huyu?" akamwuliza binti yake.

"Baba, nimekataa kwa ajili yangu," Ramani akasema. "Mengine tutaongea nyumbani. Hapa nina heshima yako ya kutunza, na watu wanasubiri." Akanigeukia. "Wapandishe. Wewe ni mwongozaji wao. Mimi nitabaki hapa."

Nikawapandisha. Kiapo ni kiapo. Nilimshika mkono mwanaume niliyemshinda na mzee aliyeniita sifuri, nikawapitisha ufani mmoja mmoja, nikamsukuma Shangazi kwa adabu zote zinazowezekana katika kazi hiyo. Na mwenzangu kule juu, masikini, alikuwa ametimiza ahadi. Watu walikuwa wamesimama duara, katikati peupe, simu zote zimeinuliwa, wanangoja kuona jambo.

Tukatokeza wanne, bila msichana.

Simu zikaanza kushuka. Ndipo Shangazi akaingia katikati ya duara, akashika kiuno.

"Haya, pigeni," akasema. "Nimeambiwa kuna picha, na nimepaka rangi."

Kilele kizima kikacheka. Mhandisi naye akacheka, macho yamelowa, akaenda kusimama pembeni yake, akampa mkono wake kama bwana harusi. Wakapigwa picha na watu wasiowajua. Siku ile nilitaka sana kumchukia mtu yule, nikashindwa kwa mara ya pili.

Mwalimu hakutazama mandhari. Alisimama penye nguzo, amenipa mgongo.

Tuliposhuka, Ramani alikuwa mdomoni mwa ufa, ameshashika uongozi wa foleni. Alikuwa anawaambia wenye watoto wasogee mbele, wenye redio wazime, na wale waliotaka tu kuona bonde waende kilele cha pembeni, ni karibu na hakuna mtu. Nusu ya foleni ilikuwa inamtii. Nikamwendea.

"Yeye nimemjibu," akaninong'oneza. "Wewe sijakujibu, usianze kujivuna. Jibu lako lina mlango, na mlango wenyewe ule pale umevaa koti."

Akamshika Shangazi mkono, wakatangulia na Mhandisi.

Mlango wenyewe ulishuka kwa shida. Kupanda Mwalimu aliweza. Kushuka magoti yalimkataa. Aliteleza mara moja, akakataa mkono wangu. Akateleza tena, penye changarawe, na safari hii akanishika begani, asiuondoe mkono, vidole vimenizama kama misumari. Tukashuka hivyo, mimi mbele, yeye nyuma. Niliuzuia ulimi wangu kama ninavyozuia mteja asiende ukingoni.

"Nilisema jambo kuhusu kazi yako," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu. Lilinifikia."

"Wakati nasema, magoti yangu hayakuwepo kwenye kikao." Akashusha pumzi. "Ungeweza kumwambia siri ya yule kijana. Kwa nini hukumwambia?"

"Haikuwa yangu, Mwalimu."

Tukavuka mawe yote. Nyasi zikaanza. Chini kule niliona kofia ya machungwa imesimama, inatungoja.

"Kwenu kuna mtu mzima anayejua kuongea taratibu?" akauliza.

"Yupo baba mdogo."

"Mtume yeye. Wewe ukija peke yako utaniunguzia nyumba."

Tukafika penye tambarare, pale njia inapokuwa laini hata mtoto anakimbia. Nikapunguza mwendo, nikangoja mzee auondoe mkono wake. Hakuuondoa.

Ramani aliutazama ule mkono begani mwangu, akamtazama baba yake, kisha akanitazama mimi. Pumzi zilikuwa zimemjaa kifuani kana kwamba yeye ndiye aliyetoka kupanda.

"Ndiyo," akasema, na mimi nilikuwa hata sijauliza.